Toeni Gari na Miaka Yake: Barua ya Wazi kwa Klabu za Magari za Afrika Mashariki

Ndugu viongozi na wanachama,

Barua hii inawahusu ninyi wenye Land Rover za zamani, Land Cruiser, Peugeot 504, Volkswagen na Datsun, mnaotumia Jumamosi zenu kwenye karakana za wenzenu na mikono yenu ikarudi nyumbani na grisi. Inawahusu hasa pale mnapopewa gari kuukuu na mfadhili, kampuni au familia fulani, mkalifungua hadi ikabaki chasi, mkalijenga upya, kisha mkalikabidhi kwa zahanati, kituo cha watoto yatima au shule ya watoto wenye ulemavu. Nia hiyo haihitaji mtetezi, na sitaitilia shaka. Nataka kuwashawishi jambo moja tu: gari likikusudiwa kufanya kazi, thamani ya zawadi yenu imo katika matunzo ya miaka itakayofuata makabidhiano, na klabu isiyokuwa tayari kuyaahidi matunzo hayo ingefanya vyema zaidi kuliuza gari hilo na kutoa fedha.

Nianze na chasi, maana inalieleza tatizo lenyewe vizuri kuliko hotuba. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado ina uhaba wa chuma uliotokana na vita, kwa hiyo waundaji wake waliivika bodi ya aloi ya alumini. Chini ya bodi waliweka chasi ya chuma, mabati yaliyochomelewa kando kwa kando mpaka yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matokeo yake kila fundi anayajua. Alumini haishiki kutu nyekundu. Inanyooshwa, inapigwa puti kidogo, inapakwa rangi, inang'aa. Wakati huohuo maji, tope na, kwa magari ya mwambao, chumvi ya bahari vinaingia ndani ya lile sanduku la chuma na kulila polepole kutoka ndani kwenda nje. Tena pale alumini inapogusana na chuma, unyevu ukiingia kati metali hizo mbili hufanya kazi kama betri, na moja huliwa. Ndiyo maana gari linaweza kupendeza kwenye picha, likafungwa utepe, likapigiwa makofi, na boriti yake ya nyuma ikawa ni rangi na tope lililokauka tu. Fundi makini hupita na nyundo ndogo akigonga chasi na kusikiliza. Kamera haina sikio hilo.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba hamjui kuchungulia uvunguni. Kwenye Africa Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, waamuzi hukagua injini, mambo ya ndani na hata uvungu wa gari, na mwenye gari asiyesugua mahali pasipoonekana hupoteza pointi. Oktoba 2024 Land Rover zilipofurika Arusha kwa tamasha lao, yalikuwamo magari yenye umri mkubwa kuliko madereva wake, na mengi yaliufikia umri huo kwa sababu wenyewe waliyajua kwa sauti, kwa harufu na kwa mtetemo wa usukani. Ujuzi mnao. Swali langu ni kwa nini ujuzi huo unaishia getini siku gari linapokabidhiwa kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia sauti yake.

Gari la mwanachama wa klabu huishi kwa sababu lina mtu. Likitoa moshi mweusi, kuna anayeuliza. Likivuja oili, kuna kadibodi inayowekwa chini ili kujua tone linatoka wapi. Gari hilohilo likipelekwa kituo cha afya kilichoko kilomita 60 kutoka lami, linapata madereva watatu wa zamu, mganga mfawidhi mwenye mambo mengine ya kufikiria, na bajeti isiyo na kifungu cha spea. Halifi kwa ajali kubwa. Linakufa kwa bomba la rejeta lenye ufa, ambalo bei yake haizidi chakula cha mchana cha wageni wa siku ya makabidhiano, lakini gari likachemsha maji, silinda hedi ikapinda, na mtu akasema tusubiri mwaka mpya wa fedha. Mwaka mpya wa fedha unafika, betri imekufa na matairi yamekaa. Mwaka unaofuata kuku wameshaanza kutaga ndani yake.

Mtasema huo ni ubashiri wa mtu mwenye kukata tamaa. Basi tutazame ushahidi wa jambo lililo jirani. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zinazoendelea, jumla ya vifaa zaidi ya 112,000, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni za kawaida kabisa: ukosefu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa, na miundombinu isiyokidhi. Mashine ya kupimia shinikizo la damu na Land Cruiser ni vitu viwili tofauti, nakubali, lakini njia ya kufia ni moja. Kitu kimefika bila mtu wa kukitunza, bila fungu la kukitunzia, na bila ratiba.

Ushahidi wa upande wa pili, wa kitu kilichodumu, umetoka kwa watu wa jamii yenu. Randy Mamola alikuwa mwendesha pikipiki wa mbio za dunia. Andrea Coleman alitoka katika familia ya mbio hizo. Mumewe Barry alikuwa mwandishi wa habari. Katika miaka ya 1980 walikuwa wakichangisha fedha kwa ajili ya watoto wa Afrika, na walipokwenda kuona fedha zinafanya nini walikuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa kwa hitilafu ndogo ndogo ambazo mtu wa mbio angezimaliza kabla chai haijapoa. Hawakurudi Uingereza kukusanya pikipiki nyingine. Walianzisha Riders for Health, shirika ambalo kazi yake kuu ni matunzo: dereva anafundishwa kukagua chombo chake kila asubuhi, fundi anamfuata mhudumu kijijini badala ya kungoja chombo kiharibike, na spea inabadilishwa inapofikia umri wake hata kama bado inazunguka. Lesotho ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Nchini Gambia, mwaka 2009, walifika mbali zaidi: shirika lilimiliki magari na pikipiki kwa mkopo wa benki, likaikodishia wizara ya afya kwa malipo ya kila kilomita, na ndani ya malipo hayo mlikuwa na mafuta, matengenezo na akiba ya kununulia chombo kipya. Wizara haikupewa gari. Ilipewa kilomita.

Neno hilo, kilomita, ndilo ningependa liingie katika vikao vyenu. Klabu inapopokea gari huuliza: tutahitaji kiasi gani kulimaliza? Hesabu ya pili, ile ya kulitumia, huachiwa mpokeaji, naye kwa heshima ya mgeni hasemi kitu. Tuifanye hapa kwa mfano. Tuseme ni Land Cruiser hardtop, ile ambayo Watanzania huiita mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na tabo. Tuseme inatembea kilomita 1,500 kwa mwezi kwa huduma za mkoba, chanjo na rufaa, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa barabara za vumbi itakula lita 13 hivi kwa kila kilomita 100, ambayo ni lita 2,340 kwa mwaka. Tukikadiria lita kwa shilingi 2,800 za Tanzania, mafuta peke yake ni zaidi ya milioni sita na nusu. Oili ikimwagwa kila kilomita 5,000, ni sevisi tatu au nne kwa mwaka, na injini hiyo humeza takriban lita 10 kila mara, pamoja na filta. Matairi ya 750-16, matano ukihesabu la akiba. Bushi, shokapu, breki, betri. Kisha kuna mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa takriban kila kilomita laki moja. Mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na gari lililokuwa zima asubuhi linahitaji injini jioni. Gari la msaada lililofika kwenu likiwa na saa ya kilomita iliyokufa halina historia. Mkanda wake hauna umri unaojulikana. Klabu inayopaka rangi nyeupe ya kung'aa juu ya mkanda usiojulikana umri imemfungia mpokeaji bomu kwa karatasi ya zawadi.

Nimetumia gari moja kwa mfano, na tarakimu zenu zitatofautiana. Lakini zifanyeni. Ziandikeni kwenye karatasi kabla hamjafungua boliti ya kwanza, kwa sababu hesabu hiyo hubadilisha hata namna ya kulijenga gari lenyewe.

Hapa ndipo nitakapowaudhi baadhi yenu. Mpenzi wa gari la kale huheshimu uasili: kabureta iliyotoka nalo kiwandani, taa zilezile, hata aina ya skrubu. Kwa gari lako mwenyewe, hiyo ni starehe yako na hakuna wa kukuingilia. Kwa gari la zahanati, kila kifaa kinachopatikana kwa kuagizwa Uingereza ni siku nyingi za gari kusimama. Kipimo cha gari la kazi ni kama spea yake inapatikana Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka, na kama fundi wa chini ya mwembe katika wilaya ile anaifahamu. Land Rover nyingi za ukanda huu zimeendelea kuishi kwa kufungwa injini za Kijapani, jambo ambalo baadhi ya wanaklabu huliona kama kufuru. Kwa gari la msaada mimi naliona ni busara, mradi gia boksi, difu na breki zihimili injini mpya, kadi ya gari irekebishwe, na kampuni ya bima iarifiwe. Vivyo hivyo kwa matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipoundwa. 2312 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Gari lililolala kwenye banda kwa miaka mingi linaweza kuwa na matairi yenye meno marefu kabisa na mpira uliokufa. Katika gari la kwenda kwenye maonyesho kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ni kasoro ndogo. Katika gari lililombeba mama mwenye uchungu usiku, likishuka mteremko wa mawe, ni jambo jingine kabisa. Na kama gari litabeba mgonjwa, machela ifungwe kwenye sakafu kwa chuma, isiachwe ikiteleza. Springi za majani zilizokusudiwa kubeba magunia zipunguzwe ugumu. Na mhudumu apate kiti chenye mkanda. Kazi hizi hazipendezi kwenye picha hata kidogo.

Yapo mambo ya kunijibu, na mengine yana uzito. La kwanza: mng'aro ndio unaoleta wafadhili. Kampuni ya rangi inatoa rangi kwa sababu itaonekana. Muuza matairi anatoa matairi kwa sababu nembo yake itapigwa picha. Hakuna anayetaka nembo yake kwenye filta ya oili. Ni kweli. Ila kweli hii inaeleza zaidi jinsi ombi linavyoandikwa kuliko jinsi wafadhili walivyo. Mwombeni muuza mafuta adhamini kilomita 20,000 za kwanza, na jina lake liandikwe mlangoni pamoja na idadi hiyo. Mwombeni mwenye gereji adhamini sevisi za mwaka mmoja, na kila sevisi iwe habari yake. Kampuni iliyotoa rangi hupigwa picha siku moja, lakini aliyetoa sevisi nne ana picha nne. Sina hakika kwamba kila mfadhili atakubali. Nina hakika wengi hawajawahi kuombwa hivyo.

La pili: kama matunzo ni mzigo mkubwa hivi, si bora tuache kabisa? Kwa klabu nyingine jibu ni ndiyo, na hakuna aibu ndani yake, kwa sababu mlango mwingine upo wazi. Mwaka 2015, uzalishaji wa Defender ulipokuwa unakaribia mwisho, kiwanda cha Land Rover kiliunda gari moja maalumu la kuadhimisha idadi ya milioni mbili za Series na Defender. Desemba ya mwaka huo liliuzwa kwenye mnada wa Bonhams jijini London kwa pauni 400,000, na fedha zote zikaenda kwa shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na taasisi ya Born Free, ambayo asili yake ni ile filamu ya simba iliyopigwa Kenya. Hakuna aliyedai kwamba gari lile lingefaa zaidi kubeba chanjo. Thamani yake ilikuwa katika upekee, na upekee hununuliwa na matajiri. Gari lenu halitafika bei hiyo. Lakini Peugeot 504 iliyorudishwa kama ilivyotoka kiwandani inaweza kumfurahisha mnunuzi mwenye uwezo, na bei atakayolipa ikalipia dizeli na dereva wa zahanati kwa muda mrefu kuliko gari lile lingeishi mikononi mwa zahanati. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa kamati yenu, kabla hata ya kulivuta gari hadi gereji, uwe huu: hili ni gari la kuuzwa au gari la kutumika? Likiwa la kuuzwa, pigeni msasa mpaka mjione sura humo. Uasili wote mnaoutaka hapo ndipo mahali pake. Likiwa la kutumika, sahauni kioo. Balaa ni kuyachanganya mawili hayo, kulijenga kwa ajili ya jukwaa kisha kulipeleka porini.

La tatu ni zito zaidi, nalo hutolewa na watu wa afya wenyewe: kwa nini gari? Nchini Tanzania mpango wa m-mama, ulioanza kanda ya ziwa kabla ya kusambazwa nchi nzima, humpatia mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini usafiri wa dharura kwa simu ya namba 115. Ambulansi isipokuwapo karibu, huitwa dereva wa jamii mwenye gari lake, na malipo yake humfikia kwa simu. Gari la dereva huyo lina mwenyewe, kwa hiyo lina matunzo. Hoja hii inaunga mkono ya kwangu kuliko inavyoipinga, kwa maana inaonesha kwamba kinachookoa ni mfumo unaohakikisha chombo kinawaka saa nane usiku. Thaddeus na Maine, katika makala yao ya mwaka 1994 ambayo wakunga wengi wameisoma, waligawa ucheleweshaji unaoua wazazi katika hatua tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Gari linagusa hatua ya pili peke yake, tena pale tu linapowaka. Mahali ambapo tayari kuna magari ya watu na mtandao wa simu, fedha zenu zitafanya kazi zaidi ndani ya mpango kama huo. Lakini kuna vijiji ambavyo gari la karibu liko nusu siku mbali, na kuna safari ambazo hazihesabiwi dharura: mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayehitaji mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, sanduku la chanjo, wanafunzi wasioona wanaorudi likizo. Huko gari lenye ratiba lina nafasi yake. Jukumu la kujua tofauti hiyo ni lenu, na halijulikani kwa kumpigia simu mkuu wa kituo kumuuliza kama angependa gari. Nani atasema hapana?

Wapo pia watakaosema kwamba klabu ni ya watu wa kujitolea, wanahama miji, wanastaafu, wanagombana, na haiwezekani kuifunga kwa ahadi ya maisha. Sitaki ya maisha. Nataka ya miaka mitano, iliyoandikwa, yenye mwisho unaojulikana. Gari lililojengwa upya vizuri na kutunzwa linaweza kufika hapo bila miujiza, na miaka mitano inatosha mpokeaji kuingiza matunzo katika bajeti yake mwenyewe, hasa kama mchango wa klabu unapungua mwaka hadi mwaka na wake unaongezeka. Fedha za miaka miwili ya kwanza ziwe benki kabla rangi haijapakwa. Kama mmeweza kuchangishana za rangi na hamkuweza za sevisi, basi gari limeshajibu lile swali la kuuzwa au kutumika.

Kuna anayehofia kwamba masharti haya yanamdhalilisha mpokeaji: ukitoa, toa, usiendelee kumchungulia mtu kama mkwe asiyeamini binti yake anatunzwa. Hofu hii naiheshimu kuliko zile nyingine, maana misaada mingi ya ukanda wetu imekuja na macho ya namna hiyo. Dawa yake ni kumweka mpokeaji ndani ya kazi tangu mwanzo, awe mwenye kauli. Dereva wa kituo na fundi atakayelihudumia gari wawe karakanani kwenu gari linapofunguliwa, walipwe nauli na posho, washike spana. Aliyeifunga hedi kwa mkono wake, boliti kwa boliti kwa mpangilio wake, hatahitaji kuchunguliwa. Chuo cha ufundi cha wilaya, kiwe cha VETA kwa Tanzania au mwenzake kwingineko, kinaweza kuleta wanafunzi wawili wa umakanika. Mkataba useme pia haki ya mpokeaji kuwadai ninyi: kwamba akipiga simu, ana jibu ndani ya siku mbili, kwamba spea mlizoahidi zikichelewa, ana pa kulalamika. Sharti linalofunga pande mbili halimdhalilishi yeyote.

Kuhusu makaratasi nitakuwa mfupi, ingawa yameshaua magari mengi kuliko kutu. Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi, kama yale ya miradi ya wahisani yenye namba za DFP nchini Tanzania, haliwezi kubadilisha mikono hivi hivi. Mpokeaji asiyestahili msamaha huo hudaiwa kodi, na gari likaishia kufungiwa uani. Ulizeni mamlaka ya mapato kabla ya kulipokea, mpate jibu la maandishi. Bima ya mwaka wa kwanza ilipwe. Kadi ya gari iandikwe jina la taasisi, lisiwe la mwenyekiti wake.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu siku yenyewe ya makabidhiano. Kabla ya hotuba, fungueni boneti. Dereva wa kituo awaoneshe wageni anavyopima oili, maji ya rejeta na kimiminika cha breki, na fundi wa wilaya asome kwa sauti karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango: kilomita za leo, kilomita za sevisi ijayo, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, namba ya simu ya mwanaklabu wa zamu. Itachukua kama dakika 20. Jua likiwa kali, punguzeni hotuba.